Mwalimu Kresensia Dhera, Aliyekataa Kusema Tano P

Nitakayoyasoma hapa hamtayaamini, na sababu mojawapo ni kwamba ninayeyasoma ni mimi. Mnanijua. Mimi ni Damianus Nggobe, mdogo wa mama yake marehemu, mnunuzi wa kokwa za kemiri kwa miaka arobaini, mtu aliyeacha shule darasa la nne na bado akawashinda akili nusu ya wenye vyeti katika bonde hili. Padri ameniomba nisizidi kurasa mbili. Nimemkumbusha kwamba kwa desturi yetu jeneza haligongwi msumari mpaka mjomba wa marehemu atoe neno, kwa hiyo kurasa ni zangu. Na wewe Mkuu wa shule, uliyeketi pale mbele kando ya shada lako, tunakuomba utulie usikilize. Shada tumeliona. Ni kubwa.

Marehemu Kresensia Dhera, tuliyemwita Sensi, alizaliwa Ijumaa tarehe 3 Mei 1974 katika kijiji cha Wolonio, wilaya ya Ende, hapa kisiwani Flores, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Kornelis Dhera na marehemu Petronela Nggobe. Alichelewa kusema. Alipoanza, alianza kwa kuuliza, na wa kwanza kuulizwa nilikuwa mimi. Alikuwa na miaka sita, ameketi juu ya gunia la kemiri ghalani kwangu.

"Mjomba, humu ndani ziko ngapi?"

"Sijui."

"Na mle?"

"Sawasawa na humo."

"Umejuaje ni sawasawa, na hujui ziko ngapi?"

Nilimwambia yote mawili nimeyajaza kwa debe moja, kwa madebe matano matano. Alikaa pale juu akilitazama gunia la pili mpaka mama yake akaja kumvuta sikio. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitangaza, arusini na kwenye ubatizo, kwamba aljebra ya bonde hili ilianzia ghalani kwangu. Hakuna aliyewahi kunipinga isipokuwa yeye.

Alisoma shule ya msingi hapa Wolonio kuanzia 1981 hadi 1987, kisha shule ya kati ileile ambayo baadaye alikuja kuifundisha. Huko mwalimu wake aliwaambia kwamba herufi katika hesabu ni vitu: n ni ndizi, m ni muhogo, na 3n ni ndizi tatu. Sensi akanyoosha mkono akauliza, ndizi ukiizidisha kwa ndizi unapata nini. Alisimamishwa nje ya darasa hadi kengele ya kwenda nyumbani. Aliporudi hakulia. Aliniuliza mimi, nami nikamwambia unapata mkungu. Hakucheka. Aliendelea na sekondari ya juu mjini Ende, akilala bweni la masista, na tetemeko la Desemba 1992 lilipoangusha paa la bweni lile, alifanya mitihani yake ya mwisho chini ya turubai. Mwaka 1993 alivuka kwenda chuo cha ualimu Kupang, akahitimu hisabati mwanzoni mwa 1998.

Julai mwaka huohuo alianza kufundisha katika shule yetu ya kati akapewa darasa la saba, lile la kuanzia pale, ambalo hakuna mwalimu aliyelitaka. Darasa la saba ndipo mtoto anapokutana na herufi katikati ya hesabu kwa mara ya kwanza, na wengi hapohapo ndipo wanapoagana na hesabu maisha yao yote. Yeye alilipenda kuliko yote. Siku ya kwanza ya somo hilo alikuwa akiingia na vikapu vitatu vidogo alivyovichukua ghalani kwangu bila kuniomba, vimefungwa midomo kwa kamba, ndani yake kemiri zilizohesabiwa sawa, na kemiri mbili akiziacha wazi mezani. Marufuku kufungua, marufuku kutikisa.

"Andikeni kemiri zote zilizo mezani ni ngapi," aliwaambia.

"Haiwezekani, Mwalimu."

"Kuzihesabu haiwezekani. Kuziandika inawezekana."

Ndipo alipowapa herufi p, iwe idadi iliyomo ndani ya kikapu kimoja. Idadi, aliwasisitizia, si kikapu wala si kemiri. Aliichagua p makusudi, asije akatokea mjanja wa kudai kwamba k ni kifupi cha kemiri. Mara tatu ya p, na mbili juu yake: 3p + 2. Kila mwaka waliuliza, sasa jibu ni ngapi. Kila mwaka aliwajibu, mmeshaliandika. Na kila mwaka darasa lilinyamaza kidogo, na kimya kile, alivyoniambia, ndicho kilichomfanya apande mlima wa kwenda shule kila asubuhi. Hata mimi alinifundisha, mezani kwake, Jumapili tatu mfululizo, nikiwa nimevuka miaka hamsini. "Mjomba, kichwa unacho," aliniambia, "ila umezoea kukitumia kwenye mizani tu."

Alifunga ndoa na Bonefasius Lado, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka pwani ya kusini, Jumamosi tarehe 6 Oktoba 2001, katika kanisa letu la parokia. Kwenye mahari nilisimama imara kama mjomba nikadai farasi saba. Nilipewa mmoja, naye alikuwa akichechemea. Bonefasius mpaka leo hunijibu kwamba hakuwa akichechemea mpaka nilipompanda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Rikardus mwaka 2003 na Elvira mwaka 2007. Nyumba yao ilikuwa ya kelele na vicheko, na moshi wa kuchomelea, na madaftari ya wanafunzi hata juu ya gunia la mchele.

Sasa nafika pale ambapo Padri alinishauri nipite haraka. Sitapita haraka.

Jumanne tarehe 11 Oktoba 2016 alikuja mkaguzi kutoka mjini. Jina lake silitaji, amekwisha staafu. Aliingia darasa la saba, akaona ubaoni 3p + 2, akamnyooshea kidole binti aitwaye Yasinta, ambaye yupo hapa leo.

"Wewe. Jibu lake?"

"Ndilo hilo, Bwana Mkaguzi."

"Nimeuliza ni ngapi."

"Hatujui kikapuni mna ngapi, Bwana."

Mkaguzi alicheka akamgeukia Mkuu wa shule aliyekuwa amesimama mlangoni. "Tatu na mbili ni ngapi, binti? Ni tano. Basi ni 5p. Mwalimu wako hajakufundisha kumaliza hesabu?"

Yasinta alimtazama mwalimu wake. Mwalimu Sensi akamwashiria akate kamba. Kila kikapu kilikuwa na kemiri nne. Yasinta alizimwaga mezani akazihesabu mbele ya wote, zikawa kumi na nne pamoja na zile mbili. Kisha akasema, kwa adabu kabisa, "Kwa hesabu yako, Bwana, zingekuwa ishirini." Watoto thelathini na sita walicheka. Kosa lote la marehemu ni hicho kicheko.

Taarifa ya mkaguzi ilisema kwamba mwalimu huyu hawezi kuwafikisha wanafunzi kwenye jibu. Haikupita wiki, Mwalimu Sensi aliondolewa darasani akapewa funguo za stoo ya vitabu. Mkuu wa shule, tena kwa upole, maana yeye ni mpole siku zote, alimwandalia karatasi: marehemu akiri kwamba alikosea, na kwamba 5p ni jibu sahihi, naye atarudishiwa darasa la saba siku hiyohiyo.

"Tia sahihi tu, Mwalimu. Ni karatasi."

"Kwa kile kicheko nitaomba radhi, hata sasa hivi," alijibu. "Kwa tano p siombi."

Karatasi ile ilikaa kwenye droo ya Mkuu miaka saba na miezi kumi. Kila Julai, darasa jipya la saba lilipoingia, ilitolewa, ikafutwa vumbi, ikawekwa mbele yake, ikarudishwa. Hakutaka kitu kingine duniani isipokuwa lile darasa, na kila mtu katika bonde hili alijua hivyo. Na ninyi mnaolia sasa, mlimwambia nini? Mlimwambia atie sahihi. Nami nilimwambia. Nilikwenda nyumbani kwake na kilo mbili za nyama ya nguruwe nikamwambia, "Sema tano p, mwanangu, yaishe. Nani atakufa?" Akaniuliza kama kwenye mizani yangu ningekubali mtu aandike ishirini palipo na kumi na nne. Nilimsogezea ile nyama, kwa sababu aliijua mizani yangu. Alinipikia ile nyama, tukala, na hatukulizungumza tena jambo hilo.

Hesabu za darasa la saba alikabidhiwa mwalimu wa michezo, kijana mwema, simlaumu, ambaye alifungua kitabu akakuta ndizi na muhogo na akafundisha ndizi na muhogo. Mwaka 2019 Elvira aliingia darasa hilo. Siku moja alirudi na daftari lina 3n + 2 = 5n, limepigwa alama ya sahihi kwa wino mwekundu. Mama yake aliutazama ukurasa ule. Elvira anasema alisubiri kukaripiwa. Mama yake alilifunga daftari taratibu, akaenda nje kuchambua mboga, na siku hiyo zilichambuliwa mboga za kutosha kijiji kizima.

Novemba 2022 figo zake zilianza kushindwa kazi. Mara mbili kwa wiki Bonefasius alimpeleka mjini kusafishwa damu, kwanza kwa pikipiki, baadaye, alipokuwa hawezi tena kujishikilia, kwa gari la kukodi. Siku zilizobaki alikwenda stooni. Watoto walikuwa wakija dirishani wakati wa mapumziko na maswali yao, naye aliwaandikia kwenye karatasi za kufungia vitabu, mpaka ilipotoka amri kwamba dirishani huazimwa vitabu tu. Julai mwaka huu karatasi ilitolewa tena kwenye droo. Alikuwa ameketi kwenye kiti, miguu imevimba, na mkono wake ulikuwa ukitetemeka kiasi kwamba, hata angetaka, sahihi ile isingesomeka. Alisema hapana. Alifariki dunia nyumbani kwake Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, saa kumi na nusu alasiri, akiwa na miaka hamsini, mumewe amemshika mkono.

Ameacha mume, Bonefasius Lado; watoto wawili, Rikardus na Elvira; kaka yake Hendrikus na dada yake Adelgonda; mjomba mmoja; na wanafunzi wa miaka kumi na minane, ambao wengine ni watu wazima wenye mvi na bado wanajua kwamba herufi si ndizi. Mungu ampe pumziko mahali ambapo hakuna atakayesukuma karatasi mbele yake.

Imebaki aya moja. Jumatano, siku mbili kabla hajatuacha, alisikia kwamba nimekwisha anza kuandika wasifu huu, akaniita. "Nisomee, Mjomba, nisije nikazikwa na makosa yako." Nilimsomea yote niliyokuwa nayo, na penye farasi alicheka mpaka Bonefasius akaja kumwinua. Kisha nikafika kwenye aya ambayo sikuwa nimemwonyesha mtu. Niliiandika nikidhani dawa zimemlevya kiasi cha kutojua siku wala aliyeingia na aliyetoka, na kwamba angalau afe akiwa ameisikia. Nilivyomsomea ndivyo ninavyowasomea:

"Jumanne tarehe 6 Agosti, Mkuu wa shule alifika kwa miguu nyumbani kwa Mwalimu Kresensia, akiwa na ile karatasi mkononi, akaichana mbele ya kitanda chake vipande vinane, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba 3p + 2 ni 3p + 2, na kwamba darasa la saba linamsubiri, na nyuma yake wanafunzi mia nne walikuwa wameijaza njia kuanzia mlangoni hadi—"

"Mjomba," alisema. "Hakuja."