Sahani Iliyopakwa Siagi

Wasikilizaji wapendwa, ninyi wa Katesh, Basotu na Balangdalalu, na ninyi mlioko juu huko Dongobesh na Mbulu mjini, habari za jioni. Wazee wetu, shikamooni. Ni mimi Nicodemo Sulle. Sogea karibu na redio yako. Aliyeko jikoni apunguze moto kidogo, mboga haitakimbia.

Leo tunamkumbuka Mama Letisia Margwe wa Basotu. Ametutoka Jumanne iliyopita, nyumbani kwake, akiwa amevuka miaka sabini. Tumemzika Ijumaa. Mama Letisia Margwe, yule mama wa santuri. Yule mama aliyekuwa akikutuma ukanawe mikono hata kama hujagusa kitu. Mimi nilipokwenda kumhoji mwaka juzi alinituma mara mbili. Mara ya pili alisema nimejifuta kwenye suruali, na yeye haijui suruali yangu imepita wapi.

Vijana wetu, santuri ni ile sahani nyeusi ya plastiki yenye wimbo ndani yake. Unaiweka kwenye pleya, inazunguka, sindano inapita kwenye mistari, muziki unatoka. Msicheke. Baba zenu walichumbia kwa kitu hicho.

Sasa sikilizeni jambo moja, maana bila hilo hamtamwelewa Mama Letisia. Wimbo ni mmoja, lakini sahani zake hazifanani. Kiwandani wana muhuri wa chuma wenye ule wimbo. Muhuri unabana plastiki ya moto, sahani inatoka. Inatoka nyingine, na nyingine. Muhuri unachoka. Sahani za mwanzo zina kila kitu: pumzi ya mwimbaji, kidole kikiteleza kwenye waya wa gitaa. Za mwisho mwisho zina ngoma na mvumo tu. Ndiyo maana Mama Letisia alitafuta chapa ya kwanza. Maisha yake yote alitafuta chapa ya kwanza.

Alianzia wapi? Alianzia kwenye klabu ya wafanyakazi wa mashamba ya ngano ya serikali, pale Basotu, miaka ya sabini. Wakati huo bado tulikuwa mkoa wa Arusha. Ngano imejaa mpaka macho yanachoka. Kombaini zinanguruma, madereva wametoka Mbeya, Tanga, Kigoma, kila mtu na Kiswahili chake. Jumamosi mchana wanaoga vumbi linatoka, wanakuja klabu kucheza. Na mwenye pleya ni nani? Binti Letisia, mwembamba, mkali, na kitambaa cheupe begani cha kufutia sahani.

Mzee Hermani, aliyekuwa dereva wa lori la ngano, bado anamlalamikia mpaka leo. Aliniambia hivi: "Alikuwa ananiagiza santuri Arusha. Nikimletea anaipeleka dirishani, anaigeuza juani, anaangalia pale karibu na karatasi ya katikati, pale palipo laini. Fundi wa kiwanda alikuwa anakwangua alama pale. Anaiangalia, anasema, 'Hermani, hii ni ya mwisho mwisho. Irudishe.' Nikamwambia, dada Letisia, Arusha siyo jikoni kwako nikarudishe sufuria."

Lakini alirudisha. Wote walirudisha. Maana Jumamosi walipocheza walisikia wenyewe tofauti.

Kati ya waliocheza alikuwepo Kasian. Kasian aliendesha kombaini, na jioni aliimba kwenye bendi ya wafanyakazi. Sauti yake ilikuwa ya chini, siyo ya kupiga kelele. Ilibidi unyamaze ndipo umsikie. Letisia alinyamaza, akamsikia, wakafunga ndoa.

Mwaka wa sabini na tano bendi yao ilipanda basi kwenda Nairobi kurekodi wimbo mmoja. Letisia alibaki, alikuwa mjamzito. Kasian akarudi na boksi dogo la sahani za mwanzo kabisa, wanabendi wakagawana moja moja. Akamwambia mkewe, "Kuna neno lako humo. Ngoja magitaa yashuke."

Letisia akaweka sindano. Wimbo ukaenda, magitaa yakashuka, na hapo katikati Kasian haimbi, anasema. Anasema taratibu, kama mtu aliyegeuza uso kando: "Letisia, akiwa msichana aitwe Fabiola. Mimi naendelea kuimba." Kisha anaendelea kuimba.

Alikuwa msichana. Akaitwa Fabiola.

Wasikilizaji wapendwa, mwaka uliofuata Kasian alishikwa na homa ghafla, akafariki kabla ngano haijavunwa. Fabiola alikuwa bado anatambaa.

Na hapa Letisia alifanya kosa ambalo mimi nisingeweza kumlaumu hata ningelipwa. Aliicheza ile sahani. Aliicheza asubuhi, aliicheza mchana, mtoto mgongoni. Pleya za wakati ule mkono wake ulikuwa mzito, na sindano za klabu zilikuwa butu. Kila ukicheza sahani unaila kidogo. Yeye alijua hivyo kuliko mtu yeyote Basotu, na bado aliicheza. Sehemu ya kwanza kufa ilikuwa ile ya sauti ya chini. Siku moja magitaa yakashuka, na pakatoka mvumo tu. Neno la Kasian halipo. Alikuwa amelila lote, na mtoto hajajua hata kusema baba.

Fabiola akakua. Shuleni watoto wana maneno, mnajua. Wakamwambia jina lake si la ukoo wowote, hana baba wa kumpa jina. Akamwuliza mama yake. Letisia akamwambia, baba yako alikupa jina mwenyewe, tena kwenye santuri. Fabiola akataka kusikia. Wakacheza ile iliyochakaa. Mvumo.

Wakacheza nyingine ambayo Hermani aliipata Arusha, wimbo uleule. Chapa ya mwisho mwisho. Ngoma, na mvumo.

Fabiola sasa ni muuguzi, ni mama wa watu. Juzi aliniambia msibani, bila kuficha: "Nilikuwa darasa la tano. Nilimwambia, 'Mama, usinitungie baba.' Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alichukua kitambaa chake akaanza kufuta sahani ambayo ilikuwa safi."

Mnaona sasa alichokuwa anakitafuta? Watu walisema Mama Letisia ana kichaa cha muziki. Hakuwa na kichaa chochote. Alitaka mtoto wake amwamini.

Alizitafuta zile sahani za lile boksi moja baada ya nyingine. Ya mpiga ngoma ilikaliwa na mgeni mnene. Ya mpiga gitaa iliachwa juu ya boneti la trekta, jua likaikunja kama chapati. Nyingine zilihama na wenyewe walipohamishwa kazi. Mpaka wa Kenya ukafungwa, na Nairobi ikawa mbali kuliko Ulaya. Alifuata tetesi mpaka Yaeda Chini, kwa mganga wa zahanati aliyesemekana anayo. Alikuwa nayo kweli. Alikuwa anafunikia mtungi wa maji.

Kumbe ilibaki moja. Na Letisia alikuwa ameiona.

Kasian alipotoka Nairobi, sahani moja alimpelekea mama yake mzazi, Bibi Ludovika, kule Dongobesh. Bibi Ludovika hakuwa na pleya. Wala hakuwahi kuisikia. Lakini ilikuwa zawadi ya mwanawe, na mwanawe alipofariki, akaitunza jinsi alivyojua kutunza. Wanawake wa kwetu wa zamani walikuwa na sketi za ngozi za harusi, zenye shanga. Ngozi usipoipaka siagi inakauka, inapasuka. Basi Bibi akaipaka ile sahani siagi. Kila baada ya mavuno, siagi. Akaifunga kwenye ngozi ya mbuzi, akaiweka darini, juu ya moshi.

Letisia alifika Dongobesh siku moja Fabiola akiwa bado mdogo. Bibi akashusha kifurushi, akafungua kwa fahari. Letisia akaona siagi, akaona masizi, akaona uso mzima umeziba. Huyu ni mtu anayekutuma kunawa mikono mara mbili, wasikilizaji. Akaishika kwa vidole viwili. Akasema, "Mama, hii imekufa."

Akamwambia mama aliyefiwa, kuhusu kitu cha marehemu wake, kwamba kimekufa. Bibi Ludovika aliifunga tena, akairudisha darini. Tangu siku hiyo mkwe akija Dongobesh anapewa chakula, anapewa maziwa, anaitikiwa shikamoo yake, na hakuna zaidi.

Miaka ikaenda. Mwaka wa tisini na saba, Fabiola ametoka chuo cha uuguzi, akaenda kumsalimia bibi. Bibi mikono inatetemeka sasa. Akamwambia, "Mjukuu wangu, mwaka huu nipakie wewe."

Fabiola akakaa chini, akaanza kupaka. Vidole vikapita pale katikati, pale laini. Pakawa na mkwaruzo. Akafuta kidogo kwa kanga. Ilikuwa herufi moja tu, peke yake, bila namba. Amelelewa na nani huyu? Alijua anachokiona. Hiyo ndiyo alama ya sahani za mwanzo, na chini ya siagi mistari ilikuwa mizima.

Akaomba aipeleke Basotu. Bibi akajibu kwa Kiiraqw, nami nawatafsiria: "Mwanangu haondoki hapa. Anayemtaka aje."

Basi Letisia akaja. Alipanda gari mpaka Dongobesh na pleya ya betri mapajani, hakutaka ikae chini. Akaingia uwanjani. Hakungoja kukaribishwa kiti. Akapiga magoti kwenye vumbi, yeye mwanamke wa kitambaa cheupe, akasema, "Shikamoo mama. Nilikukosea. Niliitazama kwa macho tu."

Bibi akasema marahaba. Akaitazama mikono yake. Kisha akasema, "Mikono umenawa?"

Fabiola anasema hapo wote watatu walicheka, na baadaye hakuna aliyejua kicheko kiliishia wapi na machozi yalianzia wapi.

Wakaiosha. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche, kiganja cha Fabiola taratibu kufuata mistari. Wakacheza, ikatoka sauti ya kukaanga vitumbua. Sindano imebeba siagi. Wakasafisha sindano, wakaosha tena, wakaanika kivulini. Wakaweka tena.

Wasikilizaji wapendwa, ile siagi iliyoonekana uchafu ndiyo iliyozuia vumbi lisiingie kwenye mistari. Na sindano haikuwahi kuigusa hata mara moja. Letisia aliniambia kwa kinywa chake kwamba katika maisha yake hakuwahi kusikia sahani iliyo safi kama ile. Alisema ulikuwa unasikia kiti cha mpiga gitaa kinalia.

Magitaa yakashuka. Pale uwanjani Dongobesh, mchana kweupe, kuku wanapita. "Letisia, akiwa msichana aitwe Fabiola. Mimi naendelea kuimba."

Fabiola alimwangalia mama yake, akaenda akaweka kichwa mapajani pake, mtu mzima, muuguzi. Letisia akanyoosha mkono kuinua sindano. Amepata alichotafuta. Sasa ni kuifuta, kuifunga, kuitunza isiguswe tena.

Bibi Ludovika akamshika mkono. Tangu mwanawe afariki hakuwa ameisikia ile sauti. Akasema, "Mwambieni aseme tena."

Fabiola ndiye aliyekataa. "Bibi, kila tukiicheza inaisha. Mama, mwambie. Itaisha."

Letisia akamjibu, "Acha iishe. Wewe umeshamsikia. Na huyu ni mwanawe."

Akarudisha sindano mwanzo. Jioni akapanda gari kurudi Basotu mikono mitupu. Pleya aliiacha Dongobesh, pamoja na kitambaa.

Kwa familia ya Mama Letisia, kwa Fabiola na wanawe, kwa ukoo wa Margwe wa Basotu na ndugu wa marehemu Kasian kule Dongobesh, poleni. Poleni sana. Sisi wa redio tumelia nanyi. Mungu ampumzishe mama yetu mahali pa amani. Na wewe unayenisikiliza, tafakari kidogo jioni ya leo. Huenda mwenzako nyumbani anatunza kitu kwa njia unayoiona ya ajabu. Kabla hujasema kimekufa, kaa naye chini, muulize.

Desturi yetu ni kufunga kumbukumbu kwa wimbo alioupenda marehemu. Nilimwomba Fabiola ile sahani. Akanionyesha. Ni nyeusi, inang'aa, na haina kitu. Bibi Ludovika aliicheza kila Jumapili akitoka kanisani, mpaka Jumapili yake ya mwisho. Kwa hiyo leo hatuna wimbo, wasikilizaji wapendwa. Waliopaswa kuusikia walishausikia.