Gauni la Mama Aline

Kijiwe cha kahawa nyuma ya soko la Kibondo ni benchi moja tu, limeegemea ukuta wa fundi baiskeli, na birika la Theodosia lipo pale tangu soko lenyewe likiwa miti na nyasi. Wanaokaa ni walewale. Hamis wanamwita Waziri, maana redio haimtoki sikioni. Tharsisi, mwenye baiskeli zake, ndiye Injinia. Gharibu muuza chumvi ni Hakimu, hakuna jambo asilolikatia shauri. Asubuhi hiyo Theodosia alikuja na moyo mzito. Binti yake Aline alifundishwa kushona, akapewa cherehani na ofisi ya kazi, hiyo wanayosema imefanyiwa mageuzi. Sasa ofisi imesema itapita Ijumaa kukagua, na cherehani isiyo na wateja inahamishiwa kwa mtu mwingine, huko Kitahana. Aline hajapata hata mteja wa kupachikiwa kifungo. Cherehani imelala imefunikwa kanga kama mgonjwa.

— Ofisi yenyewe imekaa vibaya, alisema Waziri. Iko kule juu bomani, kwenye maua. Mtu hana kazi, aende kwenye maua kufanya nini? Waihamishie stendi.

— Stendi watawapata wapiga debe tu, alisema Injinia. Mimi ningeweka hivi: huajiriwi ofisini pale mpaka ukae nyumbani miaka miwili huna kazi, mama mkwe anakuangalia.

— Na hiyo miaka miwili wanalipwa na nani? aliuliza Waziri.

— Hawalipwi, ndugu yangu. Ndiyo masomo yenyewe hayo.

Theodosia akawamiminia, hakucheka.

— Nyie endeleeni. Mwanangu ananyang'anywa cherehani keshokutwa.

— Hatuchezi, mama Aline. Tunapanga.

Hakimu akaweka kikombe chini. Huyo akiweka kikombe chini, ujue leo hamtoki.

— Kosa ni moja. Wanafundisha mafundi, wanafundisha mafundi, mpaka wamejaa. Sasa wafundishe wateja. Chuo cha wateja, miezi mitatu. Unafundishwa kununua kitambaa, kupimwa, kungoja.

— Kungoja tunajua tayari, alisema Waziri.

— Unapewa cheti. Halafu serikali inatoa amri: kila mwisho wa mwezi, kila raia achane shati lake.

— Na mwenye shati moja?

— Huyo achane mkono wa kushoto.

— Hakimu wewe, alisema Injinia, shati lako lenyewe la mtumba, lina jina la Mzungu mgongoni.

— Ndiyo maana nataka nilazimishwe.

Hapo Theodosia akachoka nao.

— Mji mzima ajira, ajira. Mlangoni kwa mwanangu nani amebisha hodi? Mnavaa mitumba, mnavaa vya kushonwa Kasulu, mtoto wa hapahapa kakaa na uzi wake. Ofisi mnailaumia nini?

Injinia akakunja kola yake kwa ndani, lebo ya mtumba isionekane.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mwanamke mgeni, Adija, katokea Nyabibuye, anangoja basi la mchana. Tangu aliposalimia kwa Kiha, mwakeye, alikuwa anakunywa kahawa yake tu.

— Samahani, mama. Hilo gauni lako naliangalia tangu nimefika. Kitenge kimekukaa, mabega yamesimama vizuri. Nani kakushonea? Na mimi nina kitambaa hapa kwenye mfuko, nataka anipime kabla basi halijaja.

Gauni lile lilikuwa la Pasaka. Alipanda basi mpaka Kasulu kwenda kupimwa na fundi asiyemjua hata jina, na cherehani ya Aline ilikuwa imeshaingia nyumbani. Alijiambia, kitenge hiki cha bei, mtoto bado anajifunza, asije akakiharibu.

Benchi zima sasa lilikuwa linaangalia mabega yake.

— Mwambie mgeni, mama Aline, alisema Hakimu, tena kwa upole.

— Kahawa imeisha.

Akabeba birika. Lilikuwa bado zito.

— Na wewe chukua mfuko wako, alimwambia mgeni bila kumtazama. Nifuate, fundi yuko nyumbani.

Wakaondoka hivyo, huyu mbele, yule nyuma, na kahawa ikimwagika njia nzima.