Ng'ombe Wasiohesabiwa

Nyuma ya stendi ya Karatu, kwenye benchi la kahawa, asubuhi hiyo walikaa watu watatu. Leonce, mlanguzi wa vitunguu vya Mang'ola, wanamwita Gunia. Polycarp, dereva wa watalii, ni Landrova. Wa tatu ni Adrian, Injinia, aliyebuni namba ya simu ya kutibu ng'ombe. Mfugaji anapiga, anaulizwa swali kwa maandishi, jibu lake linamfungulia swali jingine, hadi aambiwe: subiri, nunua dawa, au daktari anakuja. Kesho namba hiyo ilikuwa ifunguliwe kijiji kingine, Soitsambu. Sasa habari imefika toka Piyaya, kijiji namba ilikoanzia: ng'ombe wa zizi zima wamekufa.

— Kosa ni netiweki, akasema Gunia. Piyaya mnara unayumba kwa upepo, maswali yanafika yamepinda.

— Netiweki gani wewe! akadakia Landrova. Ng'ombe walisikia mashine inawajadili, wakakata tamaa. Wahenga walisema, ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini.

— Hiyo inahusu nini?

— Si wamefia zizini?

Adrian hakucheka.

— Niliijaribu, jamani. Nilitunga wafugaji mia tatu wa kuigiza humo humo kwenye kompyuta. Wakajibu kila swali, kila njia nikaipita. Hakufa hata ndama.

— Ahaa! Gunia akapiga goti. Umeilisha ng'ombe hewa wa watu mia tatu, sasa inataka wa nyama. Mchovya asali hachovyi mara moja!

— Koma, Gunia, akasema Adrian. Watu wamefilisika huko.

Hapo akasimama mbele yao mzee wa Kimaasai, shuka limejaa vumbi, simu mkononi. Adrian aliinuka.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba. Mwenye ile namba ya ng'ombe ni wewe?

— Ni mimi.

— Mimi Koinet, wa Piyaya.

Gunia akaweka kikombe chini.

— Pole sana, mzee, akasema Adrian. Simu ilikuambiaje?

— Nisubiri siku tatu.

Jibu hilo lilikuwa la mwenye ng'ombe mmoja mgonjwa tu. Wakizidi watatu, daktari alitakiwa aondoke siku hiyo hiyo.

— Walioumwa walikuwa wangapi?

Koinet akatazama pembeni.

— Na yenyewe iliuliza hivyo hivyo. Kijana, kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Ukitaja idadi umewaitia mauti. Nikaandika mmoja, ili inivushe swali hilo, nipate dawa.

Adrian aliwakumbuka wale mia tatu wake. Wote aliwajibia yeye, Mwiraqw wa Karatu anayehesabu hata vifaranga, na hakuna hata mmoja aliyekataa kuhesabu. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

— Nisamehe, baba. Kosa ni langu. Soitsambu sifungui.

Mzee akamnyooshea simu.

— Leo alfajiri imeniandikia tena. Soma.

Adrian akasoma kwa sauti, maneno aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe:

— "Ng'ombe wako anaendeleaje? Kama amepona, bonyeza moja. Kama bado anaumwa, bonyeza mbili."

— Haya. Wamekufa wote, akasema Koinet. Nibonyeze ngapi?