Shangazi wa Kikundi cha Alhamisi

Tarehe thelathini mwezi huu, mnasihi wetu, ambaye kila mtu humwita Shangazi, hata daktari mkuu anayemzidi umri, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika kituo hiki cha afya.

Alianza kama muuguzi wa wodi ya wazazi. Huko aliwaona wanawake waliobakwa wakishonwa, wakipewa vidonge na kuambiwa wakasahau. Akaomba chumba cha kuwasikiliza, akapewa stoo ya magodoro. Aliisafisha mwenyewe, akapanga viti kwa duara, na Alhamisi ya kwanza akakaa peke yake mpaka saa ya kufunga. Iliyofuata akaja mmoja.

Kikundini halazimishwi mtu kusema. Anayelia hapewi leso mpaka aiombe, maana Shangazi husema ukimpa mtu leso umemwambia anyamaze. Kuimba alikatazwa na wanakikundi wenyewe: sauti yake, Mungu atusamehe, inakwaruza kama bawaba kavu.

Mimi niko mapokezi, na ipo siku ambayo sitaisahau. Aliyeniruhusu kuisimulia ni mwenyewe, mshonaji mmoja aliyekuwa akija miezi mingi bila kusema neno. Siku hiyo alikuwa ndani na wenzake. Koridoni akaketi mwanamume mwenye mkono uliovunjika, akicheka kwenye simu. Mshonaji akaitambua ile sauti. Ni shemeji yake, ndiye aliyembaka, na wakwe walikuwa wamemwamuru ayamalize nyumbani.

Nikasikia kiti kikianguka, nikakimbilia ndani. Mshonaji alikuwa amejibana ukutani, meno yakigongana, akinong'ona, "Ni yeye, yuko nje." Chumba kina mlango mmoja tu. Nilitaka kumwita mlinzi, Shangazi akanizuia kwa mkono, akachuchumaa mbele ya mshonaji.

"Mwanangu, hapa unaamua wewe. Aondolewe, tukae, au tutoke?"

Nje yule mtu akakohoa.

"Tutoke," akasema hatimaye. "Lakini msinifiche."

Wakatoka wote, yeye mbele, Shangazi nyuma yake. Bwana yule akainua uso, akashusha simu.

"Shemeji, nilikwambia sitaki. Na ulinisikia."

Sauti ilitetemeka, ila korido nzima ilisikia. Kwenye ngazi wenzake wakamshika mikono, wakateremka naye. Wiki hiyohiyo akaenda polisi, Shangazi ubavuni mwake. Kesi ilikokotwa, mama mkwe hajamsalimia mpaka leo, lakini jamaa alifungwa. Naye mshonaji amefungua duka lake, na siku hizi, akianza kuongea, humpati wa kumnyamazisha.

Mume wa Shangazi, fundi seremala, analalamika kwamba sasa ataulizwa "unajisikiaje?" asubuhi mpaka jioni. Vumilia, mzee wetu; sisi tulishazoea.

Shangazi, ahsante kwa kila aliyeingia kwako ameinama akatoka wima. Wajukuu wakuchoshe kwa furaha, usingizi wako uwe mzito, na miaka ijayo ikulee kama ulivyotulea. Maisha mema, mama yetu.