Karatasi ya Nyumba na Ziwa Lililofungwa

Bwana asifiwe, bandugu zangu! Asifiwe tena! Miye ni Mama Kapya, muuza samaki wa Kabuta. Nasimama kushuhudia kuhusu nyumba yangu, ambayo karibu niipoteze kwa kichwa changu miye mwenyewe.

Nyumba ile tuliijenga na bwana yangu kwa matofali ya kuchoma, miaka saba. Mwaka jana nyavu zetu zikapasuka, nikataka feza za kununua mpya. Banki ilitaka hati kamili ya kiwanja, na miye nilikuwa na karatasi ya kaunsili tu. Kuitafuta hati ni miezi mingi, lakini kule unalipa kidogo kidogo. Wifi yangu akasema, "Pangisha vyumba viwili, mupangaji alipe mbele." Miye, nikae na wapangaji? Kiburi, bandugu! Nikakimbilia kaloba, yule mukopeshaji wa mtaani. Asubuhi unamupa karatasi ya nyumba, mchana unashika feza. Mwezi ukiisha unarudisha na nusu juu.

Na ilikuwa Novemba! Miye mutoto wa ziwa, nikasahau kwamba Desemba kuvua kunakatazwa mpaka Machi! Nyavu mpya zikalala ndani ya gunia, deni likaamka kila mwezi. Dawa ya deni kulipa, ndiyo, lakini nilipe na nini?

Februari yule kaloba akakuja kupima madirisha yangu na kamba kama nyumba ni yake tayari, batoto bakiangalia. Bwana yangu hakunigombeza. Hiyo iliniuma zaidi.

Jumapili nikawaambia bamama ba chilimba, kikundi chetu cha kuchangiana kwa zamu. Zamu ilikuwa ya Mama Odeta, mujane. Alikuwa amengoja mwaka muzima anunue mabati. Akasema, "Chukua weye. Mvua nimeizoea." Nikakataa. Akanikalipia, "Mukaidi weye! Lipa!" Nikauza nyavu, nikaongezea juu ya feza zake, karatasi ikarudi.

Mvua ya Machi ilinyesha sana. Miye nilikaa pakavu, nikijua yeye anahamisha kitanda. Haki ya Mungu, nililia.

Sasa wapangaji ninao, wawili. Zamu yangu ilifika juma lililopita, nikamupa yeye, na mabati ya Mama Odeta yamepigiliwa jana.

Ndugu yangu mwenye karatasi ya nyumba mkononi, linganisha kwanza banki, wapangaji na kaloba. Jiulize utalipa mwezi gani, na mwezi huo ziwa litakuwa wazi? Na kama umekwisha kuanguka, usifiche. Mutumainie Mungu, waambie benzako. Miye aliniokoa, na mutu aliyemutuma amekaa pale nyuma.

Simama, Mama Odeta, bakuone.