Mkaguzi wa Pindo Ametutoka

Kwa masikitiko yanayovumilika, familia ya fundi cherehani inatangaza kuondokewa na Mkaguzi wa Pindo, akaunti isiyo na uso wala jina la ukoo, iliyofariki Jumapili tarehe 8 Juni 2025, saa nne asubuhi, ndani ya simu ya fundi mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 15 Machi 2021, nyuma ya duka, kati ya pasi na gunia la vipande vya vitambaa. Siku hiyo mteja alirudisha suruali akidai mguu mmoja unawahi kufika kuliko mwenzake. Fundi alimjibu kwa adabu, "Pole sana dada, nitarekebisha," kisha akaenda nyuma, akafungua akaunti na kuipa picha ya kifungo cheusi.

Masomo hakuyafikisha mbali. Alijiunga na kundi la picha za nguo na kuhitimu ndani ya wiki moja kwa maneno haya: "Hili koti limeshonwa au limefokewa?" Watu mia nne walicheka. Hapo ndipo alipoharibikia.

Kazi yake ilikuwa kukagua mishono ya watu wasiomjua, kila siku baada ya chakula cha mchana. Dukani fundi alibaki mtu wa "karibu mama" na "umependeza kaka". Sumu yote aliiweka akiba kwa ajili ya wageni.

Hakuoa, ila kwa miaka mitatu alizozana na akaunti nyingine, Shuka Safi, iliyompitia nyuma kila alikochafua: "Usimsikilize, mwanangu, kola imekaa vizuri." Jioni fundi alimlalamikia mkewe kuhusu huyo kimbelembele. Mkewe aliitikia, "Ee, watu wengine bwana," huku akibonyeza simu yake. Shuka Safi alikuwa yeye.

Ugonjwa ulianza tarehe 2 Juni, ilipotokea kundini picha ya gauni la kijani lililotundikwa mlangoni, bila jina la mshonaji. Marehemu aliandika: "Mshono una kwikwi. Mpeni maji." Jumapili iliyofuata binti wa fundi, aliyekuwa amepanga chumba mtaa wa pili na kujifunza kushona kimya kimya ili amshtukize babake, aliingia nyumbani na cherehani begani.

"Kiuze, baba. Mimi na kushona basi."

"Nani kakukatisha tamaa?"

"Lile gauni la kijani ni langu. Mshono ulioruka, nani mwingine duniani anauita kwikwi?"

Hakuwepo. Neno hilo alilitunga fundi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kwikwi kweli ilikuwepo, na ingemchukua dakika mbili kumwonyesha dawa yake.

Alitoa simu, akafuta akaunti mbele ya mkewe na binti. Kisha akakiweka cherehani mezani. "Uzi wa chini umeukaza mno, mama. Njoo uone." Binti alikuja, lakini alisimama hatua moja nyuma.

Marehemu ameacha fundi asiye na pa kuficha ulimi, Shuka Safi, wafuasi elfu mbili, na binti mmoja, ambaye hajasema kama atakirudia cherehani chake. Alale salama, na mtu asimwamshe.

Dada wa fundi alipomaliza kuyasoma haya mezani, wote waliinamisha vichwa. Binti akamuuliza babake kama ana neno la mwisho kwa marehemu.

"Hajafa," alisema fundi. "Wenye mtandao wamesema akaunti inasubiri siku thelathini kwanza."