Kipa wa Voi Aliyeitikia Treni

Ndugu waombolezaji, wazee wa kanisa, na ninyi mliopanda mlima kutoka Voi na Mwatate, mimi ni Donald, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Josephat Mwandawiro alizaliwa tarehe 12 Machi 1919 hapa Werugha, kifungua mimba wa mzee Obadiah na mama Wakio, akasoma shule ya misheni hadi mwaka 1934, kisha akashuka Voi, na tarehe 3 Juni 1940 akaandikwa kazi ya reli, kubadilisha njia pale stesheni ili treni za Mombasa, Nairobi na Taveta zipishane salama. Alifunga ndoa na Wakesho tarehe 18 Desemba 1943, Jumamosi ambayo timu haikuwa na mechi, wakajaliwa Noah na Elsie.

Timu ninayotaja ni ya wafanyakazi wa reli, naye alikuwa kipa wake kwa miaka kumi na minne. Uwanja wetu uko kando ya reli, na kwa desturi yetu treni ikipiga honi mchezo husimama mpaka ipite, lakini tarehe 4 Agosti mwaka huu wa 1956, katika fainali na Mwatate, refa alikuwa mgeni. Honi ililia dakika za mwisho, mwenzake aliyekuwa zamu ya kubadilisha njia alikuwa ameanguka kwa homa, basi Josephat akaacha goli akakimbilia reli akiamini mchezo umesimama, na Mwatate, ambao hawakuijua desturi hiyo, wakafunga goli lisilo na mtu.

Abiria mmoja alimwona akitoka uwanjani mbio na jezi, na wiki iliyofuata gazeti likaandika kwamba watu wa Voi huacha treni kwa ajili ya mpira. Soko zima lilizungumza hilo, wakubwa wakamwita ofisini, wazee wa kanisa wakamsihi ajibu, nami nilikasirika hadi nikakosa usingizi, lakini yeye kila jioni alimwuliza Wakesho jambo moja tu, kama Mwatate wamekubali mechi irudiwe. Kushindwa kule kulimuuma kweli, hata chakula kilimshinda.

Mwezi Septemba alishikwa na ugonjwa wa mapafu akalazwa hospitali ya Wesu. Nilimpelekea gazeti lililokuwa limesahihisha habari ile, akaliweka chini ya mto bila kulifungua, akaniuliza habari za mechi ya marudio ya Jumamosi. Mechi ilirudiwa tarehe 13 Oktoba, tukafungwa matatu. Wengine tulitaka kumficha, lakini Wakesho alimwambia ukweli, naye akauliza nani alisimama golini, na alipoambiwa ni Wambua, kipa wetu wa akiba, akasema kijana huyo asilaumiwe na mtu yeyote. Alifariki tarehe 15, alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Wesu, majirani waliotupikia, wenzake wa reli, na wachezaji wa Mwatate waliosaidia kubeba jeneza. Wambua, najua umesimama kule nyuma karibu na ua, njoo mbele na jezi yake uliyokuja nayo, umfunike mwenyewe.

Kaka, ulale kwa amani, treni imepita salama na golini kuna mtu.